Mizani iliyomo sikioni na swala ya mwenye kizunguzungu

 

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara kutoka kwa waumini wa Kariakoo, Gerezani, Ilala na Upanga, lipo moja ambalo huletwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mwenye kuuliza anaona haya. Aghalabu huwa ni swali la mtoto juu ya mzazi wake. "Sheikh, mama akiinama kusujudu anaona nyumba inazunguka, mara mbili ameanguka juu ya mswala. Majirani wanasema ana jini asiyetaka aswali. Tumfanyeje?" Wengine huuliza juu ya baba aliyeacha kwenda msikitini kwa kuwa anapepesuka njiani, na vijana wa kijiweni wakimwona humdhania mlevi. Kwa mzee wa miaka sabini ambaye hajapata kuonja kileo maishani mwake, kutazamwa kwa jicho hilo wakati anatoka swala ya Isha ni jambo zito.

Swali hili lina upande wa sheria, nao tutaufikia. Lakini wanazuoni wa Usul wametufunza kwamba hukumu juu ya kitu hufuata kukielewa kitu chenyewe. Mufti asiyejua kizunguzungu ni nini atamtwisha mgonjwa asichokiweza, au atampa ruhusa asiyoihitaji. Kwa hiyo tunaomba subira ya msomaji tuanze na mwili, kisha tuje kwenye mswala.

Aliyekuumba akakulinganisha

Katika Suratul-Infitar, kuanzia aya ya 6 mpaka ya 8, Mwenyezi Mungu anamuuliza mwanadamu ni kipi kilichomghuri hata akamsahau Mola wake Mkarimu, aliyemuumba, akamkamilisha, kisha akamlinganisha. Kitenzi cha Kiarabu kilichotumika hapo kina mzizi mmoja na neno letu uadilifu, yaani kusawazisha pande mbili hata hii isiizidi ile. Wafasiri wa zamani wameeleza kuwa kinachokusudiwa ni kimo kilichosimama wima na viungo vilivyolingana. Sisi hatusemi kuwa aya hiyo iliteremshwa ili kufundisha elimu ya sikio, wala hatupendezwi na mtindo ulioenea siku hizi wa kuchukua kila habari ya maabara na kuibandika juu ya aya. Maabara hugeuza kauli yake, Qur'ani haigeuki. Tunachosema ni kwamba mtu aliyeambiwa na Mola wake kuwa amelinganishwa, anapaswa atazame amelinganishwaje.

Atakaye kuona kwa macho yake, na asimame saa nne asubuhi pembeni mwa Mtaa wa Kongo, amtazame mchukuzi aliyejitwika robota la mitumba kichwani. Mbele yake pana mkokoteni, kulia kwake muuza maji, kushoto bodaboda. Chini pana dimbwi na kipande cha lami kilichobomoka. Anapinda, anaruka, anageuka nusu, na robota halianguki. Wala si ajabu kwamba haya yanaonekana hapo, kwani jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kilichopiga kambi eneo hilo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maelfu kwa maelfu ya watu wa nchi hizi walibeba mizigo ya vita ile, na wengi hawakurudi makwao. Soko likajengwa hapo, jengo lake kubwa lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na katika yote hayo kazi ya kubeba haikukoma.

Basi ni kitu gani kinachomwambia yule mchukuzi, bila yeye kufikiri, kwamba kichwa chake kimeinama kiasi fulani na sasa auegemeze mguu wa kushoto?

Mifereji mitatu na vijiwe

Ndani ya mfupa wa fuvu ulio upande wa sikio, ambao ni miongoni mwa mifupa migumu kuliko yote mwilini, kimefukiwa chombo kidogo kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole. Sehemu yake moja imejikunja mfano wa konokono, na hiyo ni ya kusikia. Sehemu yake nyingine haisikii chochote. Kazi yake ni mizani. Ina mifereji mitatu ya nusu duara, iliyopangwa kama kuta mbili na sakafu zinavyokutana kwenye pembe ya chumba, hata kila upande ambao kichwa kitageukia uwe na mfereji wake. Ndani ya mifereji hiyo mna majimaji. Kichwa kikigeuka, mfereji hugeuka pamoja nacho, lakini majimaji huchelewa kidogo kufuata, kama maji ya ndoo unapoizungusha ghafla. Kule kuchelewa husukuma pazia laini lililotandwa njiani, na pazia hilo huinamisha vinyweleo vya seli zilizo chini yake. Kuinama kwa vinyweleo ndiko kunakozaa ishara ya umeme.

Kando ya mifereji pana vifuko viwili vyenye utando uliopandwa juu yake vijiwe vidogo mno vya chokaa, maelfu yake, visivyoonekana kwa jicho. Hivyo huvutwa na uzito wa ardhi. Ukiinamisha kichwa, vijiwe huteleza kuelekea chini na kuvuta vinyweleo. Gari likiondoka kwa kasi, vijiwe hubaki nyuma kidogo, na vinyweleo vikajua kuwa safari imeanza.

Jambo la kuvutia ni kwamba ishara hizi hazisubiri mtu atikisike ndipo zianze. Goldberg na Fernández, waliochunguza mishipa ya fahamu ya nyani mwaka 1971, walikuta kwamba hata kichwa kikiwa kimetulia kabisa, uzi mmoja wa mshipa huo hupiga kwa wastani mara 90 hivi kwa sekunde. Kichwa kikigeuka kulia, mapigo ya sikio la kulia huongezeka na ya kushoto hupungua. Kikigeuka kushoto, huwa kinyume chake. Kwa hiyo ubongo haupimi sikio moja peke yake. Huyapima masikio mawili kama mwenye duka la nafaka anavyotazama sahani mbili za mizani, na maadamu pande zote mbili zinalingana, hukumu yake ni kwamba mtu ametulia. Kumbuka jambo hili, kwani ndilo litakaloeleza ugonjwa.

Kadhi aliyeketi kwenye shina la ubongo

Nyuzi hizo, karibu 20,000 kila upande, haziendi moja kwa moja kwenye sehemu ya ubongo tunayofikiria kwayo. Huingia kwanza katika shina la ubongo, sehemu fupi inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, ambayo unene wake haupiti sana wa kidole gumba. Hapo, kila upande, pana vituo vinne vikuu vya seli za fahamu vinavyopokea habari za mizani. Lakini si habari za sikio tu. Seli hizo hizo huletewa habari za macho, za misuli ya shingo, za nyayo na viungo, na za ubongo mdogo ulio kisogoni. Tukitafuta mfano ulio karibu na sisi, seli hizi ni kama kadhi. Mashahidi wengi huja mbele yake, kila mmoja akiwa na alichokiona, na yeye hutoa hukumu baada ya kuwasikia wote.

Hukumu yake ya kwanza huenda kwenye macho. Msomaji anaweza kuijaribu sasa hivi. Shika ukurasa huu mbele yako, uusome huku ukitikisa kichwa kulia na kushoto kwa haraka, maandishi yatasomeka. Kisha tuliza kichwa, uutikise ukurasa kwa kasi ile ile; maandishi yatapotea. Sababu ni kwamba kichwa kinapotikisika, sikio huliambia shina la ubongo, na shina la ubongo huyageuza macho upande wa pili kwa kiasi kile kile, ndani ya muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Njia yake fupi kabisa ina seli tatu tu: moja kutoka sikioni, moja shinani, moja kuelekea msuli wa jicho. Ukurasa unapotikisika wenyewe, jicho hulazimika kuufuata kwa kuutazama, na kutazama huchukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Lau si njia ile ya mkato, asingeweza mtu kutembea Mtaa wa Msimbazi na huku akisoma kibao cha duka.

Hukumu ya pili hushuka kwenye uti wa mgongo mpaka misuli ya shingo, mgongo na miguu. Hiyo ndiyo inayomshika mchukuzi wetu asianguke.

Ipo hukumu nyingine ambayo tumeiona ni ya kustaajabisha kuliko hizo, nayo ni kupambanua baina ya mtu aliyejitikisa mwenyewe na aliyetikiswa na mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Roy na Cullen wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walisikiliza seli za shina la ubongo za nyani. Mnyama alipogeuzwa na kiti alichokalia, seli zilipiga kwa nguvu. Alipogeuza kichwa mwenyewe kwa kasi hiyo hiyo, kundi fulani miongoni mwa seli hizo lilinyamaza kwa sehemu kubwa, ingawa sikio lilikuwa linapeleka habari ile ile. Maana yake ni kwamba ubongo unapotoa amri ya kugeuka, hutabiri ishara itakayokuja. Ikija kama ilivyotabiriwa, huipunguza, kwani si habari mpya. Isiyotabiriwa huipa uzito wote.

Tazama hayo ndani ya basi la mwendokasi likitoka Gerezani kuelekea Kimara. Abiria aliyesimama anainama kuokota simu yake, wala hayumbi. Dereva akifunga breki bila kutarajiwa, abiria huyo huyo miguu yake inakaza kabla hajajua kilichotokea. Na ndivyo ilivyo katika swala. Kutoka kisimamo kwenda rukuu, kutoka itidali kwenda sijda, kichwa hupita masafa makubwa, mara nyingi kwa siku, na mwenye afya haoni kitu. Mwili umenuia harakati ile, na seli zilizo shinani zinaijua nia hiyo kabla haijatimia. Akisukumwa na mwenzake kwenye safu ya Ijumaa, hata kwa kiasi cha shibiri, hushtuka.

Kwenye basi hilo hilo pana tatizo jingine ambalo kadhi hulitatua. Basi linapoondoka, vijiwe hubaki nyuma namna ile ile ambayo vingeteleza lau mtu angeinua kichwa kutazama juu. Ushahidi wa vijiwe peke yake hautoshi. Angelaki na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, walionyesha kuwa seli za shina la ubongo na za ubongo mdogo huulinganisha ushahidi wa vijiwe na ule wa mifereji. Ikiwa mifereji haikusema kwamba kichwa kimepinduka, basi ni basi ndilo lililokwenda.

Pale mashahidi wanapohitilafiana

Watoto wetu wanajua kujizungusha uwanjani mpaka waanguke. Wanaposimama, majimaji ya mifereji huendelea kusukuma pazia, na sikio likaendelea kushuhudia mzunguko ambao umekwisha. Pazia lenyewe hurudi mahali pake kwa sekunde tano hivi, lakini seli za shina la ubongo huishikilia habari hiyo kwa sekunde 15 na zaidi, ndiyo maana ukuta huendelea kuzunguka. Katika maisha ya kila siku tabia hiyo ya kushikilia ni msaada, kwa sababu mifereji husahau upesi mno. Kwa mtoto anayecheza ni kicheko tu.

Abiria wa boti ya Unguja hacheki. Amekaa chumba cha chini, macho yake yanaona viti vilivyotulia, na masikio yake yanashuhudia mawimbi. Mashahidi wawili waadilifu wamepingana, na mwili hujibu kwa jasho baridi na kutapika. Atoke nje atazame upeo wa bahari, macho yakubaliane na masikio, aghalabu atapata nafuu. William James wa Marekani alieleza mwaka 1882 kwamba wengi miongoni mwa viziwi aliowachunguza hawakupata kizunguzungu hata walipozungushwa, kwa sababu mizani yao ya sikioni ilikuwa haifanyi kazi. Shahidi asiyekuwapo hawezi kupingana na mwenzake.

Si presha kila mara, wala si jini

Katika mji wetu kizunguzungu kina washtakiwa wawili. Wa kwanza ni presha. Wa pili, presha ikipimwa na kukutwa sawa, ni jini. Jambo hili si la Waswahili peke yao. Mjini Paris, mpaka mwaka 1861, tabibu mwenye mgonjwa wa kizunguzungu kikali alimhesabu kuwa na maradhi ya damu kujaa kwenye ubongo, akamtoa damu. Ni Prosper Ménière, aliyekuwa tabibu wa viziwi, ndiye aliyebainisha mwaka huo kwamba wengi wao walikuwa wagonjwa wa sikio la ndani. Naye Robert Bárány wa Vienna aligundua kwa nini watu waliokuwa wakioshwa masikio walilalamika kizunguzungu maji yakiwa baridi sana au moto sana: joto na baridi hufanya majimaji ya mfereji yatembee. Kwa kazi hiyo alipewa Zawadi ya Nobeli ya mwaka 1914. Zamani zaidi ya hao, Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kukiandikia kizunguzungu sehemu katika kitabu chake Al-Qanun, akakihesabu katika maradhi yenye sababu na tiba. Itakuwaje basi sisi, warithi wa Ibn Sina, tuwe wa mwisho kukubali kwamba haya ni maradhi?

Hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja, wala hatukatazi kumsomea mgonjwa aya na dua zilizothibiti. Tunachokataza ni kumkabidhi mama mzee kwa mganga anayetaka mbuzi mweusi na laki tatu, wakati ambapo pengine vijiwe vyake vya sikioni vimetoka mahali pake. Na hapa tusimame kidogo, kwa sababu maradhi haya hasa ndiyo yanayowasumbua wengi, na dalili zake zinafanana mno na maneno ya wale wanaotuuliza.

Umri ukisonga, au baada ya kugonga kichwa, vijiwe hubanduka kwenye utando wake na kuingia ndani ya mfereji mmojawapo. Humo havitakiwi. Mtu akilala chali, akigeuka kitandani, akiinua uso kutazama rafu ya juu au akiinama kusujudu, vijiwe huporomoka ndani ya mfereji na kuyasukuma majimaji. Sikio moja likapiga kelele, jingine limenyamaza, na kadhi akahukumu kwamba mtu anazunguka. Macho nayo huchezacheza yakifuata hukumu hiyo. Tukio lenyewe halizidi dakika moja, kisha hutulia mpaka kichwa kirudi katika hali ile. Kwa hiyo mama anayeona nyumba inazunguka kila aendapo sijda, na hali akiwa amekaa anapika na kuzungumza vizuri, hazuiwi na jini asiswali. Sijda imekuwa ndiyo harakati inayoporomosha vijiwe. Na tiba yake katika watu wengi si kidonge wala sindano. Tabibu humlaza mgonjwa, akakigeuza kichwa chake hatua kwa hatua ili vijiwe viteleze na kurudi vilikotoka. Utaratibu huo ulichapishwa na tabibu John Epley wa Marekani mwaka 1992, na huchukua dakika chache tu. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili kuna madaktari wa masikio, pua na koo. Mwambieni daktari wa zahanati yenu awaandikie rufaa.

Sababu nyingine ni mshipa wa mizani kuvimba upande mmoja, mara nyingi baada ya mafua au homa. Hapo kizunguzungu hudumu siku kadhaa bila kukatika, pamoja na kutapika. Lakini kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, shina la ubongo hujifunza. Seli za upande ulionyimwa habari huanza tena kupiga zenyewe, na mizani hurudishwa kwa kipimo kipya. Jambo ambalo jamaa hawalijui ni kwamba kujifunza huko kunahitaji harakati. Mgonjwa aliyefungiwa chumbani wiki nne kwa huruma za watoto wake hupona polepole kuliko aliyeanza kutembea mapema huku ameshikwa mkono.

Zipo pia dawa. Wazee wanakumbuka masikio yaliyovuma kwa kwinini. Lililo zito zaidi ni sindano za jamii ya streptomaisini na gentamaisini, ambazo zimeokoa roho nyingi, lakini zinaweza kuua zile seli zenye vinyweleo, na katika mwanadamu seli hizo zikifa kazi yake hairudi kama ilivyokuwa. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani alieleza katika jarida la tiba jinsi alivyopoteza mizani ya masikio yote mawili kwa streptomaisini. Kitandani ililazimu akibane kichwa chake kwenye vyuma vya kitanda ili aweze kusoma, maana hata mapigo ya moyo wake yalitosha kuyarusha maandishi. Kwa kifua kikuu sugu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 uliiacha sindano ya kanamaisini na kutanguliza vidonge. Gentamaisini bado inatumika hospitalini, na ina mahali pake. Mahali pake si nyuma ya kaunta ya duka la dawa baridi, wala si mkononi mwa jirani "anayejua kuchoma". Na anayepewa dawa hizi hospitalini akaona anapepesuka au masikio yanavuma, asiziache kimya kimya. Amwambie daktari siku hiyo hiyo.

Tena msifikiri kila kizunguzungu ni cha sikio. Kikimjia mtu ghafla pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, uso au mkono kulegea, au kushindwa kabisa kusimama, huenda ni kiharusi kilicholipata shina la ubongo lenyewe au ubongo mdogo, hasa kwa mwenye presha au kisukari. Huyo hapelekwi kwa sheikh. Apelekwe hospitali kabla hata ya kumaliza chai iliyo mezani.

Hukumu ya swala yake

Imepokewa kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu. Kwa hiyo la kwanza kwa mwenye kizunguzungu ni tiba, na kuitafuta si upungufu wa tawakkul.

La pili, kusimama katika swala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye kuweza. Imran bin Huswain (R.A.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alielekezwa na Mtume (S.A.W.) aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu, kama alivyopokea Bukhari. Baadhi ya watu hufikiri kutoweza ni kukatika miguu. Sivyo. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Rawdhatut-Talibin kwamba kutoweza kunaingiza kuogopa kuangamia, kuzidi kwa maradhi na kupata mashaka makubwa, na akamtaja kwa jina lake msafiri wa jahazi anayeogopa kuzama au kuzungukwa na kichwa. Zaidi ya miaka 700 iliyopita kizunguzungu kimo ndani ya fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika pwani yetu, na imetajwa kwa mfano wa baharini ambao kila mtu wa Dar es Salaam anauelewa. Haya ya nini tena? Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipoanguka kutoka juu ya farasi akaumia, aliswali kwa kukaa.

La tatu, ruhusa hupimwa kwa kadiri ya dharura. Yule mama ambaye akisimama yuko salama, akirukuu yuko salama, lakini akiweka paji la uso chini ndipo dunia inazunguka, asiikae swala yake yote. Asimame, arukuu, kisha akae na ainamishe kichwa kwa sijda kadiri asipodhurika, kwa kuwa lile analoliweza halianguki kwa sababu ya lile asiloliweza. Anayeswali kwa kukaa tangu mwanzo, aifanye ishara ya sijda yake iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Mgonjwa wa vijiwe akishuka taratibu, na akainuka taratibu kwa kutuliza kichwa kidogo kila hatua, pengine ataimudu sijda kamili. Ajaribu akiwa na mtu karibu. Kuhusu viti, sisi tunaona kwa mwenye kizunguzungu kukaa sakafuni ni salama kuliko kiti cha plastiki, maana akianguka hana pa kuangukia mbali. Udhu autie akiwa amekaa, na beseni liwe karibu. Asiinamie bomba kwenye sakafu yenye sabuni.

La nne ni la jamaa wa nyumbani. Mzee anayetaka jamaa apelekwe msikitini kwa kushikwa mkono, upande wa ukutani mwa safu, kabla watu hawajajaa. Akishindwa kabisa, aswali nyumbani na asihuzunike, kwani imepokewa kutoka kwa Abu Musa (R.A.) kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima.

Limebaki swali moja dogo ambalo huulizwa sana na vijana: mtu ameanza swala kwa kukaa, na rakaa ya pili kizunguzungu kikamwondokea, je, aikate aianze upya? Haikati. Atasimama pale pale alipofikia na kuendelea kwa kusimama, na rakaa aliyoiswali kwa kukaa ni sahihi. Na aliyeanza kwa kusimama kikamshika katikati ya Fatiha, atakaa na kuendelea kuisoma huku akishuka, wala hana haja ya kuirudia swala hiyo baadaye.